Kibali cha kinu cha nyuklia ndani ya miezi 18: Rais wa Marekani ana mamlaka hayo, au Bunge limepokwa kazi yake?

#1 Mpiga Mbizi (mleta mada), Desemba 2025

Wakuu, salaam.

Tarehe 23 Mei 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri nne kwa mpigo, zote zikihusu nishati ya nyuklia. Iliyonigusa zaidi ni ile inayoielekeza Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC, iandike upya kanuni zake na ihakikishe kwamba maombi ya kujenga na kuendesha kinu kipya cha aina yoyote yanapata jibu la mwisho ndani ya miezi 18, na yale ya kuendelea kuendesha kinu cha zamani ndani ya miezi 12. Shabaha iliyotajwa ni kuutoa uwezo wa umeme wa nyuklia wa nchi hiyo kutoka takribani gigawati 100 hadi 400 ifikapo mwaka 2050.

Sijaja kuuliza kama nyuklia ni nzuri au mbaya, kwa kuwa nyuzi za namna hiyo zimejaa humu. Ninachouliza ni hiki: NRC iliundwa na Bunge kwa sheria ya mwaka 1974, ikapewa makamishna watano, kila mmoja kwa kipindi cha miaka mitano, wasiozidi watatu kutoka chama kimoja, ili mwenye haraka asiwe ndiye mwenye muhuri. Sasa mwenye haraka anampangia mwenye muhuri saa ya kugonga. Je, huo ni usimamizi wa kawaida wa serikali, au ni kulizunguka Bunge? Nadai ni la pili, na niko tayari kusahihishwa.

#2 Fundi Mvuke

Mleta mada, umeanza na muhuri kabla ya kutuambia muhuri wenyewe umekuwa ukifanya nini. Amri hiyo unayoilalamikia inaeleza kwamba kati ya 1954 na 1978 Marekani iliruhusu ujenzi wa vinu 133 vya kiraia, na kwamba katika vyote vilivyoruhusiwa baada ya 1978 ni viwili tu vilivyofika kuuza umeme. Kampuni ya NuScale iliwasilisha mchoro wa kinu chake kidogo mwishoni mwa 2016, na kanuni ya kuuidhinisha ikachapishwa Januari 2023. Hapo hata shimo la msingi halijachimbwa, tunazungumzia karatasi.

Tena mwombaji ndiye anayelipia saa za mkaguzi wake, zaidi ya dola 300 kwa saa moja. Mimi nimefanya kazi miaka kumi na moja katika kituo cha kufua umeme kwa gesi, na sijawahi kumwona fundi anayelipwa kwa saa akikimbilia kumaliza. Kama Bunge limelala miaka 45, anayeamka kwanza ndani ya nyumba ndiye anayewasha taa.

#3 Mswahili wa Augusta

Nawasalimu kutoka Georgia, jimbo ambalo vinu hivyo viwili anavyovitaja Fundi Mvuke vimejengwa. Ni Vogtle namba 3 na namba 4.

Leseni ya Vogtle ilitolewa Februari 2012 kwa kura nne dhidi ya moja, na aliyepinga alikuwa mwenyekiti wa Tume mwenyewe, Gregory Jaczko, ambaye alitaka mafunzo ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, yafungwe ndani ya leseni kwanza. Alishindwa. Kuanzia siku hiyo muhuri haukuwa kizuizi tena, lakini kinu cha kwanza kilianza biashara Julai 2023 na cha pili Aprili 2024, miaka takribani saba nyuma ya ratiba, na gharama iliyotajwa mwanzoni kuwa dola bilioni 14 ikavuka 30. Kilichochelewesha ni michoro iliyokuwa haijakamilika, moduli zilizofika zikiwa na kasoro, na kampuni ya Westinghouse kuingia katika ufilisi mwaka 2017. Jirani zetu wa South Carolina walipata leseni mwaka huohuo wa 2012, wakatumia takribani dola bilioni tisa, kisha mwaka 2017 wakaacha vinu viwili vikiwa nusu. Hata mradi wa kwanza wa NuScale huko magharibi ulifutwa Novemba 2023 wakati mchoro wa awali wa kampuni hiyo ukiwa tayari umeidhinishwa, kwa sababu bei ya umeme wake ilipanda na miji iliyotarajiwa kuununua haikujitokeza ya kutosha.

Kwa hiyo swali langu kwa Fundi ni rahisi: katika miradi hii mitatu, miezi 18 ingeokoa nini?

#4 Mchokozi wa Baraza

Fundi Mvuke, anayewasha taa usiku hana kosa, ila aangalie kwanza kama anapapasa swichi au anapapasa mtungi wa gesi. Endeleeni, mimi nimeshaketi na kahawa yangu.

#5 Fundi Mvuke

Mswahili wa Augusta, nakubali kuhusu Vogtle, lakini umehesabu waliofika mlangoni tu. Hujawahesabu waliosikia urefu wa foleni wakageuza njiani. Mwekezaji anayekopa kwa riba haogopi jibu la "hapana" kama anavyoogopa kutojua jibu litatoka mwaka gani.

#6 Msoma Katiba

Naomba niingie kwa upande wa sheria, kwa sababu mada imeanza kuhama kuelekea bei ya zege.

Kwanza, namsahihisha Fundi Mvuke katika #2. Ada zile za saa haziongezi mshahara wa mkaguzi wala haziiachii Tume faida. Bajeti ya NRC hupangwa na Bunge, na ada huenda hazina kufidia sehemu kubwa ya bajeti hiyo. Mfano wa fundi wa kulipwa kwa saa, pamoja na utamu wake, hausimami. Vilevile ile takwimu ya vinu viwili ni kweli kwa jinsi ilivyoandikwa, lakini msomaji asidhani hakuna kingine kilichowashwa. Watts Bar namba 2 kule Tennessee kiliingia kazini mwaka 2016, isipokuwa kibali chake cha ujenzi ni cha 1973.

Pili, amri za Mei zisisomwe peke yake. Tarehe 18 Februari 2025 ilitangulia amri nyingine inayozitaka tume zote zilizokuwa zikihesabiwa kuwa huru zipeleke kanuni zao kubwa Ikulu zikapitiwe kabla ya kuchapishwa. Kisha tarehe 13 Juni kamishna Christopher Hanson akaondolewa. Sheria inayoiongoza NRC inasema kamishna anaweza kuondolewa na Rais kwa uzembe, kwa kutotimiza wajibu au kwa utovu wa maadili kazini, na yeye mwenyewe alieleza kwamba aliondolewa bila sababu.

Hoja ya Ikulu inajulikana: Katiba imeweka mamlaka yote ya utendaji mikononi mwa Rais, na ofisa asiyeweza kuondolewa na mtu aliyechaguliwa na wananchi hawajibiki kwa yeyote. Hoja ya upande wa pili imejengwa juu ya hukumu ya Humphrey's Executor ya mwaka 1935, iliyoruhusu Bunge kuwakinga wajumbe wa tume kama hizi. Mahakama ya Juu imekuwa ikiibomoa hukumu hiyo tofali kwa tofali, na tarehe 22 Mei 2025, siku moja tu kabla ya amri za nyuklia, iliruhusu kwa muda viongozi wa vyombo viwili vya kazi waendelee kukaa nje wakati kesi yao ikiendelea. Tarehe 8 Desemba majaji wamesikiliza kesi ya Slaughter, kamishna wa tume ya biashara aliyeondolewa na Trump, inayouliza swali hilo waziwazi, na hadi ninapoandika hukumu bado inasubiriwa. Ndiyo maana sikubaliani na mleta mada anapozungumza kana kwamba jibu lipo. Jibu linaandikwa sasa hivi.

#7 Mchokozi wa Baraza

Msoma Katiba, si useme tu Hanson ni wa Democrat na mambo yakaisha?

#8 Msoma Katiba

Ni wa Democrat, ndiyo, lakini aliyempendekeza kwa mara ya kwanza mwaka 2020 ni Trump huyohuyo katika muhula wake wa kwanza, na Biden akamfanya mwenyekiti mwaka uliofuata. Kwa hiyo chama peke yake hakitoshi kueleza.

#9 Fundi Mvuke

Ahsante kwa sahihisho la ada, nalipokea. Hata hivyo, wote mnaolilia Bunge mmesahau kwamba Bunge lenyewe limetaka kasi. Sheria ya ADVANCE ilipita Seneti Juni 2024 kwa kura 88 dhidi ya 2, na wawili hao ni Markey na Sanders. Biden akaitia saini mwezi uliofuata. Iliagiza Tume ibadilishe hata tamko la dhamira yake ili ufanisi utajwe, na ikapunguza ada kwa wanaoomba vinu vya teknolojia mpya. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya 2019 iliyoitaka Tume iandae kanuni zinazofaa aina zote za vinu, si zile za kupozwa kwa maji peke yake. Katika Bunge lisilokubaliana hata juu ya rangi ya mlango, kura 88 kwa 2 ni sauti ya wananchi. Rais anatekeleza kiu ya Bunge, nanyi mnasema analipora.

Kuhusu matunda, angalieni Kemmerer kule Wyoming, ambako kampuni ya TerraPower, iliyoanzishwa na Bill Gates, inataka kuweka kinu cha megawati 345 kinachopozwa kwa sodiamu badala ya maji. Maombi yaliwasilishwa Machi 2024, na mwezi huu wa Desemba tathmini ya mwisho ya usalama imekamilika, mapema kuliko ratiba ya awali.

#10 Mpiga Mbizi

Fundi, mfano huo wa Kemmerer unanisaidia mimi. Tathmini ile ilianza mwaka mmoja kabla ya amri za Mei, chini ya Tume yenye makamishna waliokuwa na uhakika wa viti vyao, na ikasukumwa na sheria iliyopita kwa kura. Kama njia ya Bunge ilikuwa tayari inafupisha safari, amri iliongeza nini?

Naona iliongeza kitu kimoja, nacho ni hofu. Katika kikao cha kamati ya Seneti mwezi Septemba makamishna wawili, Crowell na Marzano, walikiri mbele ya maseneta kwamba wanaweza kufukuzwa wakifanya uamuzi usioipendeza Ikulu. Mkaguzi aliyewekewa tarehe ni jambo moja, na mkaguzi anayejua kitakachompata akisema "hapana" ni jambo jingine kabisa.

#11 Mkaguzi wa Picha

Wakuu, mimi ni mtaalamu wa picha za mionzi hospitalini, kanda ya ziwa. Kuna sehemu ya amri hiyo mmeiruka, nayo ndiyo inayonihusu mimi kifuani kabisa, kwa maana ya beji ya kupimia mionzi ninayoivaa kila siku.

Amri inaitaka NRC ifikirie upya nguzo mbili. Ya kwanza ni dhana kwamba madhara ya mionzi hupanda kwa mstari ulionyooka kutoka sifuri, bila kizingiti, yaani hakuna dozi ndogo kiasi cha kuhesabiwa haina madhara. Ya pili ni kanuni inayozaliwa na dhana hiyo: kuishusha dozi kadiri inavyowezekana kwa gharama inayokubalika, hata ukiwa tayari uko chini ya kikomo. Kikomo chenyewe kwa Marekani ni milisiviti 50 kwa mwaka kwa mfanyakazi na milisiviti 1 kwa mwananchi wa kawaida.

Wapo wanasayansi wanaodai kwa nia njema kwamba dozi ndogo zimetiwa chumvi, na kwamba hofu hiyo huongeza unene wa kuta na urefu wa fomu bila kuokoa maisha. Lakini jambo hili lilishapelekwa NRC kwa njia ya kawaida. Mwaka 2015 yaliletwa maombi matatu ya kuiacha dhana hiyo, umma ukatoa maoni, na mwaka 2021 Tume ikayakataa yote kwa maelezo marefu ya kitaalamu. Sasa mjadala huohuo umerudi kupitia mlango wa Ikulu, na safari hii mwelekeo wa jibu umeandikwa ndani ya swali.

Nilipoanza kazi, mkuu wangu wa zamu alikuwa akituambia kwamba kikomo si bajeti ya kutumia mpaka iishe. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, ambacho sitakitaja, beji zilikuwa zikikaa kabatini kwa miezi kwa sababu kila usomaji wake ulikuwa chini ya kikomo. Hakuna aliyeumia nijuavyo. Ila mashine moja ilipoanza kuvuja mionzi tulichelewa kujua, kwa sababu tulikuwa tumeacha kutazama namba ndogo. Namba hizo ndogo ndizo zinazotangulia kutoa habari.

#12 Nahodha Mstaafu

Mkaguzi wa Picha, ahsante. Naongeza historia, maana mzozo huu una umri mkubwa kuliko wengi wetu humu.

Kabla ya 1974 kulikuwa na chombo kimoja, Tume ya Nishati ya Atomiki, kilichopewa kazi mbili: kuieneza nyuklia na kuidhibiti. Malalamiko yakazidi kwamba mkono mmoja unaosukuma gari hauwezi tena kukamata breki, na Bunge likakigawa. Udhibiti ukawa NRC, na uendelezaji ukaishia katika Wizara ya Nishati iliyozaliwa 1977.

Sasa someni ile amri nyingine ya Mei inayoigusa Wizara hiyo. Inaagiza mpango wa majaribio ya vinu nje ya maabara za taifa, na lengo ni angalau vinu vitatu vifikie hatua ya mmenyuko kujiendeleza wenyewe ifikapo tarehe 4 Julai 2026, siku Marekani itakapotimiza miaka 250. Mwezi Agosti Wizara ilichagua miradi 11 ya kampuni 10. Hao hawapiti NRC. Wanaidhinishwa na Wizara. Na amri ya NRC inasema mchoro uliokwisha jaribiwa na Wizara ya Nishati au ya Ulinzi upewe njia ya mkato ukija kuomba leseni ya biashara. Mikono miwili iliyotenganishwa mwaka 1974 inashikanishwa tena, na hakuna mbunge aliyepiga kura.

Tena sheria ile ya 1974, kifungu cha 202, inasema vinu vya maonyesho vya Wizara vinavyoendeshwa ili kuthibitisha kwamba vinafaa kibiashara vinahitaji leseni ya NRC. Ikulu inaviita vinu vya utafiti. Mimi nilikuwa baharini miaka 30, na ninajua kwamba jina unaloandika kwenye hati ya shehena halibadilishi uzito wa kontena.

#13 Fundi Mvuke

Nahodha, heshima yako. Lakini huko Idaho ilikojengwa maabara ya taifa vimejengwa vinu 52 tangu miaka ya 1950, na wala havikupita kwa mdhibiti wa aina ya NRC. Humo ndimo ulimwengu ulimojifunzia. Usanifu hautaeleweka kwa kusomwa karatasi peke yake. Kuna siku lazima uwashe.

#14 Nahodha Mstaafu

Ni kweli kabisa, mwanangu, na humo humo tarehe 3 Januari 1961 kinu kidogo cha jeshi kiitwacho SL-1 kiliwaua vijana watatu, baada ya fimbo moja ya katikati kuvutwa juu kupita kiasi. Kilikuwa kinu cha majaribio na kilikuwa kidogo, maneno yaleyale tunayotulizwa nayo leo.

#15 Fundi Mvuke

Sawa, ila funzo lake lilikuwa la kihandisi: usibuni kinu ambacho fimbo moja ikivutwa kinalipuka. Vinu vya leo havibuniwi hivyo. Haikuhitajika tume huru kulijua hilo.

#16 Mtoto wa Watamu

Hamjambo. Natoka Kilifi, na ninauliza kwa sababu jambo hili limetupitia mlangoni.

Serikali ya Kenya ilipotaka kujenga kinu Uyombo, tulikuwa tayari tuna sheria ya mwaka 2019 iliyounda mamlaka ya kudhibiti nyuklia, na tuna Katiba ya 2010 ambayo kifungu cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa tunu ya taifa. Kwenye karatasi hatukupungukiwa kitu. Nilihudhuria kikao kimoja, na waandaaji sitawataja, ambapo hati nene ya Kiingereza iliwekwa mezani, wazee wa uvuvi wakaulizwa kama wana maoni, kisha wakapitishiwa karatasi ya mahudhurio. Baadaye tuliambiwa kwamba karatasi ile ni ushahidi kuwa tulishirikishwa. Mwezi Mei 2024 watu wakaandamana na kukapigwa mabomu ya machozi. Siku hizi macho ya mradi yamehamia Siaya, upande wa ziwa.

Sasa naomba kujua: huko Marekani, mvuvi wa Wyoming, kama wapo, anaingilia wapi? Na hiyo miezi 18 inamfanyia nini?

#17 Msoma Katiba

Mtoto wa Watamu, swali lako lilipaswa kuwa la kwanza katika uzi huu.

Sheria ya Nishati ya Atomiki inampa mtu ambaye masilahi yake yanaguswa haki ya kuomba kusikilizwa. Kwa kawaida hupewa siku 60 tangu tangazo litoke, na ndani ya siku hizo anapaswa aandike hoja mahususi, zenye msingi wa kitaalamu, zinazoonyesha kosa katika maombi. Malalamiko ya jumla hutupwa. Kwa kibali cha ujenzi kuna pia usikilizaji wa lazima hata kama hakuna mpingaji. Mvuvi wako angehitaji mhandisi na wakili ndani ya miezi miwili, na hilo lilikuwa hivyo kabla ya Trump.

Asipojiunga mapema, mlango wa mahakama unafungwa. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ililiambia jimbo zima la Texas kwamba haliwezi kuipinga leseni ya ghala la mabaki ya nyuklia kwa sababu halikuwa mhusika katika shauri mbele ya NRC. Ikiwa jimbo lenye mwanasheria mkuu na jeshi la mawakili limekwama hapo, pima nafasi ya mvuvi. Ukiufupisha mchakato kwa mwombaji pekee, na muda wa mpingaji ukabaki vilevile au ukapungua, kasi yote huwa ya upande mmoja.

#18 Mswahili wa Augusta

Napenda kuongeza mlango mwingine. Hapa Georgia gharama za Vogtle ziliingia kwenye ankara za wateja kabla kinu hakijatoa hata wati moja, kwa sababu bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 2009 ya kuruhusu hivyo. Kila kitu kilikuwa halali na kilipigiwa kura. Tarehe 4 Novemba mwaka huu wananchi wakawaondoa wajumbe wawili wa tume ya jimbo inayopanga bei za umeme, kwa tofauti kubwa ya kura, hasira ya ankara ikiwa mbele. Mimi nilipanga foleni siku hiyo. Huo nao ni uangalizi wa kidemokrasia, ila ulikuja miaka 16 baadaye na zege limeshakauka.

#19 Mzalendo wa Kigoma

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nyote mnaamini kwamba demokrasia na nyuklia lazima zioane, lakini mfano mkubwa kuliko yote unasema vingine. Machi 1974 Waziri Mkuu wa Ufaransa, Pierre Messmer, alitangaza mpango wa kuanzisha ujenzi wa vinu 13 ndani ya miaka miwili, bila Bunge kupiga kura juu yake. Leo nchi ile hupata takribani asilimia 70 ya umeme wake kutoka nyuklia. China nayo vibali hutolewa na Baraza la Serikali kwa mafungu, vinu 10 Aprili mwaka huu. Huenda vinu vingi hupenda mkono mmoja imara.

#20 Mpiga Mbizi

Mzalendo, umesimulia nusu ya Ufaransa. Mamlaka huru ya usalama ilikuja kwa sheria mwaka 2006, na serikali ilipotaka kuiunganisha na taasisi yake ya utafiti ili mambo yaende haraka, Bunge lilikataa mwaka 2023. Serikali ikarudi, ikajieleza upya, sheria ikapita 2024 na chombo kipya kikaanza Januari 2025. Ilipata ilichokitaka, ila ilibidi iombe mara mbili. Na China mwaka 2011, siku chache tu baada ya Fukushima, Baraza hilohilo lilisimamisha vibali vyote. Mkono mmoja hufungua haraka na hufunga haraka vilevile. Muulize mwekezaji wa Fundi Mvuke kama anaupenda utaratibu huo.

#21 Nahodha Mstaafu

Mkiitaja Fukushima, mtajeni na mdhibiti wake. Shirika lililokuwa likisimamia usalama wa nyuklia Japani lilikuwa ndani ya wizara ileile iliyokuwa ikiieneza nyuklia. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Bunge lao ilisema mwaka 2012 kwamba ajali ile ilitengenezwa na binadamu, na ikalaumu ukaribu wa serikali, mdhibiti na kampuni.

#22 Mkaguzi wa Picha

Kwa ukaribu huo, tazameni Oktoba mwaka huu. Serikali ya Marekani ilitangaza ubia na wamiliki wa Westinghouse, yaani Brookfield na Cameco, kwa ajili ya vinu vya thamani ya angalau dola bilioni 80, na kwa masharti fulani itapata asilimia 20 ya mgao unaozidi dola bilioni 17.5. Serikali inayogawana faida na mjenzi ndiyo hiyohiyo inayoandika tarehe ya mwisho ya mkaguzi. Ongezeni kwamba Waziri wa Nishati, Chris Wright, kabla ya uteuzi wake alikuwa mjumbe wa bodi ya Oklo, kampuni ambayo NRC iliyakataa maombi yake Januari 2022 kwa upungufu wa taarifa, na ambayo sasa imo katika ile orodha ya Wizara. Alijiondoa kwenye bodi, kwa hiyo simtuhumu kwa lolote. Nasema tu mkeka umekuwa mdogo na wote wamekalia upande mmoja.

#23 Fundi Mvuke

Hilo la mgao wa faida silitetei. Lakini bado sijajibiwa #5. Nani amewahesabu waliogeuza njiani?

#24 Mchokozi wa Baraza

Fundi, waliogeuza njiani hawahesabiki kwa sababu hawakusaini karatasi ya mahudhurio ya Mtoto wa Watamu.

#25 Mtoto wa Watamu

Nimecheka. Ila kuna jambo bado. Ajali ikitokea katika kinu kilichoidhinishwa na Wizara bila NRC, nani anamlipa mvuvi?

#26 Msoma Katiba

Kuna sheria ya Price-Anderson ya mwaka 1957. Kwa vinu vyenye leseni ya NRC, kila mwendeshaji ana bima yake, na hasara ikizidi, wamiliki wa vinu vikubwa vyote huchangia mfuko wa pamoja unaofikia takribani dola bilioni 16. Kwa makandarasi wa Wizara ya Nishati, fidia hutolewa na serikali yenyewe, hata kama kosa ni la mkandarasi. Mwaka 2024 Bunge liliirefusha sheria hiyo kwa miaka 40.

#27 Mpiga Mbizi

Yaani kura ya kulipa Bunge limeshaipiga mpaka 2065, na kura ya kuidhinisha ndiyo isiyopita kwao?

#28 Nahodha Mstaafu

Ngoja kwanza. Rudini kwenye kifungu cha 202, maana sijaona mtu aliyejibu kama "kuthibitisha kufaa kibiashara" kunaanza siku kinu kinapowashwa au siku umeme wake unapouzwa. Msoma Katiba, una lolote?

#29 Msoma Katiba

Niko safarini Kisumu hadi Jumapili. Nikitulia nitaisoma sheria yenyewe neno kwa neno, kisha nirudi hapa.